Nyumbu aliyesema kweli, na luteni aliyeambiwa ana wazimu

Katika Francis ya mwaka 1950, filamu ya kwanza kati ya saba za Marekani kuhusu nyumbu wa jeshi anayesema, kuna wodi ambayo kila nikiirudia hunishika. Luteni Peter Stirling ameketi humo, mzima wa mwili, anasuka kikapu. Kosa lake ni kuulizwa swali na wakubwa wake akalijibu kwa ukweli. Walitaka kujua amezipataje habari za adui, naye akasema ameambiwa na nyumbu. Wakampeleka kwa wagonjwa wa akili. Akitoka hufanya jambo jingine la kishujaa, huulizwa tena, hujibu vilevile, na kurudi kwenye vikapu vyake.

Anayesikia kwa mara ya kwanza habari za filamu hizi hudhani kichekesho chake ni mnyama kusema. Hata mimi nilidhani hivyo zamani. Nimezitazama upya zote saba, na sasa nashikilia kwamba mnyama kusema ni mlango wa kuingilia tu. Kinachochekesha, na kuuma kidogo, ni mtu kusema kweli akaonekana kichaa. Ukilishika hilo, mengi yanayowatatiza watazamaji wa leo yanafumbuka: kwa nini nyumbu na si farasi, kwa nini jeshini, na kwa nini filamu za mwanzo zina uhai ambao za mwisho hazina.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa Kiswahili kinaweza kumpoteza mtu. Ukimtajia nyumbu mtu wa Serengeti au Narok, mawazo yake yanakwenda kwenye makundi yanayovuka mto Mara. Yule ni mnyama wa porini na hana udugu na huyu. Nyumbu wetu ni wa mizigo, ambaye kamusi humwita pia baghala: baba yake punda, mama yake farasi. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na mtoto wao hupata 63, hesabu isiyogawanyika sawa, na ndiyo sababu nyumbu ni tasa isipokuwa kwa nadra sana. Sauti yake nayo ni ya njia panda. Huanza kama mlio wa farasi na kumalizikia kwenye kilio cha punda. Hana ukoo wa kujivunia na hataacha kizazi, na jeshini kazi yake ilikuwa kubeba: risasi, maji, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, majeruhi. Katika orodha ya vyeo alikuwa chini ya askari wa chini kabisa.

Aliyemfungulia kinywa ni David Stern, Mmarekani aliyekuwa mhariri wa gazeti la jeshi huko Hawaii wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliandika mazungumzo mafupi kati ya luteni usu na nyumbu wa jeshi, akaendelea nayo, na mwaka 1946 yakatoka kama riwaya. Angalia cheo alichokichagua. Luteni usu ndiye afisa mdogo kuliko wote: ametoka shuleni juzi, ana cheo chake kipya begani, na anatakiwa kuwaamrisha masajini waliokwisha kuona vita. Kila aliyepita jeshini anamjua kijana wa namna hiyo. Kumkutanisha na nyumbu mzee mwenye ulimi mkali, anayezijua kanuni za jeshi kuliko yeye na kuidharau mikakati ya majenerali, kulikuwa kuyasema mambo ambayo askari wa kawaida walikuwa wakiyanong'ona gizani. Mwanadamu angefungwa kwa maneno yale. Nyumbu utamfunga kwa sheria gani?

Studio ya Hollywood ya Universal-International ikanunua hadithi hiyo, Stern mwenyewe akaandika mswada wa filamu ya kwanza, na uongozaji akapewa Arthur Lubin, mtu aliyekwisha kuwaongoza wachekeshaji wawili Abbott na Costello katika vichekesho vyao vya jeshi vya mwaka 1941. Nafasi ya Peter akapewa Donald O'Connor, kijana aliyekulia jukwaani, mcheza dansi wa ajabu. Miaka miwili baadaye ndiye atakayepanda ukutani kwa miguu katika filamu ya Singin' in the Rain. Hapa haruhusiwi kucheza dansi. Anatakiwa kusimama kando ya mnyama na kushangaa, na kushangaa kwa saa moja na nusu bila kumchosha mtazamaji ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mtazame macho yake. Anapomsikiliza nyumbu haangalii mnyama. Anaangalia mtu, mtu mkubwa kwake kwa umri na akili. Imani yetu inatokana na macho yale kabla ya ule mdomo.

Hadithi inaanzia benki. Peter ni karani wa dirishani, meneja amesikia maneno ya ajabu juu yake, anamwita ajieleze, na Peter anarudi nyuma kusimulia ya Burma: jinsi alivyopotea nyuma ya mistari ya Wajapani, jinsi sauti ilivyomjia akiwa peke yake, na jinsi mwenye sauti alivyomrudisha salama. Kuanzia hapo Francis anampa habari moja baada ya nyingine, naye anapewa sifa moja baada ya nyingine, na baada ya kila sifa inakuja wodi. Mpaka Jenerali Stevens anapoamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe. Anamwamuru nyumbu aseme. Nyumbu anasema, kwa sababu ni mali ya jeshi na amepewa amri.

Hapo Burma sitaki tupapite haraka, kwa sababu pana kitu ambacho filamu haikukitaja, na ambacho nikikifikiria filamu yenyewe inabadilika mbele ya macho yangu. Mwaka 1944, kikosi cha Kiingereza kilichoitwa Chindit, chini ya Orde Wingate, kilijiandaa kuingia ndani kabisa ya misitu ya Burma nyuma ya Wajapani, na mizigo yake ikawa migongoni mwa nyumbu. Mlio mmoja tu wa nyumbu usiku ungewafichua watu wote. Kwa hiyo madaktari wa mifugo waliwapasua nyumbu koo na kuwakata nyuzi za sauti kabla ya safari. Walitembea na mizigo yao milimani bila kuweza kulia, na wengi hawakurudi.

Vita vilipokwisha, Mmarekani mmoja akaandika nyumbu anayesema, na filamu ikamweka papo hapo, Burma. Sisemi kwamba Stern aliwafikiria wale waliokatwa sauti. Nasema kwamba mtazamaji wa mwaka 1950 aliyepigana kule alipoketi sinemani na kumwona mnyama yule akifungua kinywa, hakuwa akitazama upuuzi wa watoto.

Na miongoni mwa waliopigana kule walikuwamo watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, matope hadi magotini na malaria kila siku, wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili. Burma wakaiita Bama, na jina hilo wazee wengi waliendelea kulitumia mpaka wanakufa. Wao pia waliijua hali ya mtu aliye chini ya wote, anayeyaona mengi njiani na hakuna anayemuuliza ameona nini.

Sasa ule mdomo. Swali la kwanza la kila mtazamaji ni hilo: waliufanyaje useme? Kompyuta za kutengeneza picha hazikuwapo wakati ule. Filamu hizi hazikuchorwa, wala kichwa cha Francis si sanamu. Ni mnyama hai, jike, aliyeitwa Molly, na mfunzaji wake alikuwa Les Hilton. Naam, Francis dume aliigizwa na jike, na Molly ndilo jina ambalo wafugaji wa Marekani humwita nyumbu jike yeyote.

Mdomo wa juu wa wanyama wa jamii ya farasi ni kiungo cha ajabu. Si mzito na mkakamavu kama wa ng'ombe. Unashika, unapapasa, unachagua jani moja kati ya mengi, karibu kama kidole. Ukimpa punda wa jirani punje ya mahindi kiganjani utauhisi ukitafuta, laini, wenye vinyweleo, ukijikunja kuizunguka punje mpaka uichukue. Hilton aliutumia uhodari huo. Kwa maelezo ya Lubin, uzi mwembamba ulipitishwa kinywani mwa Molly. Ukivutwa kidogo, yeye huanza kuuchezesha mdomo ili autoe. Juu, chini, pembeni, juu tena. Kinachofuata ni kazi ya chumba cha kuhariri: kuchagua vipande ambavyo mdomo umecheza vizuri na kuvioanisha na maneno. Ukizitazama filamu hizi kwa jicho la fundi utagundua kwamba sentensi nyingi za Francis ni fupi, na zile ndefu humaliziwa kamera ikiwa usoni pa O'Connor.

Mambo haya yalikuja kuchanganywa na hekaya. Lubin alipohamia kwenye televisheni alitaka kumchukua Francis, haki hakuzipata, akatengeneza kipindi cha farasi anayesema, Mister Ed, kilichoonyeshwa kuanzia 1961 hadi 1966. Mfunzaji akawa Hilton yuleyule. Mwigizaji mkuu wa kipindi hicho, Alan Young, kwa miaka mingi aliwaambia watu kwamba farasi alipakwa siagi ya karanga kwenye fizi, na mpaka leo utakuta maelezo hayo yakirudiwa kama ukweli. Baadaye Young mwenyewe alikiri kwamba aliyabuni, kwa sababu watu walipenda kuyasikia. Ulikuwa uzi wa nailoni, na baada ya muda farasi akajifunza kuchezesha mdomo bila uzi. Siagi ya karanga tuiache mezani.

Mdomo peke yake hausemi. Sauti ilikuwa ya Chill Wills, mwigizaji na mwimbaji wa Texas, nzito, yenye mikwaruzo, isiyo na haraka. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu ya kwanza. Watazamaji walitakiwa waamini kwamba Francis ni Francis. Kwa Wills haikuwa mara ya kwanza kuazimisha koo lake. Mwaka 1937, katika filamu ya wachekeshaji Laurel na Hardy, Stan Laurel anaimba na ghafla inatoka sauti ya besi isiyolingana kabisa na mwili wake mwembamba. Besi ile ni ya Wills.

Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza halishangai jambo hili hata kidogo. Tumewasikia akina Lufufu na DJ Afro wakiwavisha waigizaji wa Hong Kong na Bombay maneno ya Dar es Salaam na Nairobi, mpaka mwigizaji mwenyewe akawa mgeni katika filamu yake na mwenye sauti akawa ndiye mwenyeji. Tunajua kwamba sauti ikikaa sawasawa, uso wowote unaikubali. Wills aliikalisha sawasawa. Hakumfanya Francis mnyama wa kuchekesha, mwenye kubana pua au kupiga kelele. Alimpa sauti ya mzee wa kazi aliyechoshwa na upumbavu wa wakubwa lakini bado anamjali kijana aliye mbele yake.

Tufike kwenye kiini sasa, kwa sababu hapa ndipo mfululizo huu ulipopata nguvu na ndipo ulipoipoteza.

Wanyama wasemao si wageni kwetu. Sungura na Fisi wameongea tangu paukwa ya kwanza, na hakuna mtoto aliyewahi kumkatiza bibi kuuliza wanaongeaje. Katika kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 miongoni mwa ngano alizozikusanya Unguja, maskini anayechakura jaani ananunua paa, na paa anasema. Maskini anashtuka kidogo, halafu mambo yanaendelea: paa anakwenda kwa sultani, anamposea bwana wake, anapokelewa kwa heshima, na hakuna mtu wa baraza anayepelekwa kwa mganga. Hata punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, naye jike kama Molly, anapolalamika kwamba amepigwa bure, Balaamu hashangai. Anamjibu kwa hasira, wanabishana kama watu wawili njiani. Katika ngano hizo ulimwengu wote una nafasi ya mnyama msemaji.

Stern na Lubin walilibana hilo. Walimweka mnyama msemaji mmoja tu katika ulimwengu ambao haumtaki: ulimwengu wa fomu, vyeo, madaktari wa akili na vyeti vya benki. Halafu wakamwekea kanuni. Francis huzungumza na amtakaye, wakati autakao, na kwa kawaida amtakaye ni Peter peke yake. Mtu wa tatu akitokea, mdomo unafungwa na masikio yanalegea, na Peter anabaki akiongea na mnyama anayetafuna majani. Kila kicheko cha filamu ya kwanza kinachotoka kwenye kina kinatokana na kimya kile. Tunajua kuwa Peter hasemi uongo, sisi tulimsikia Francis, na hatuna namna ya kuingia ndani ya picha kumtolea ushahidi. Sijui kichekesho kingine kinachomfanya mtazamaji awe shahidi aliyefungwa mdomo namna hii.

Taabu ya kanuni hiyo ni kwamba siku nyumbu akisema hadharani, hadithi imekwisha. Filamu ya kwanza ililijua hilo. Baada ya jenerali kumsikia, ikabidi Francis aondolewe: anapakiwa kwenye ndege kupelekwa Marekani, ndege inaanguka, na Peter anaizunguka milima ya Kentucky baada ya vita mpaka anampata. Ulimwengu unaachwa usahau. Ni mwisho mzuri, na ungetosha.

Lakini watu walijaa kwenye majumba ya sinema, na Universal ilikuwa studio iliyoishi kwa mifululizo ya bei nafuu. Kila mwaka ikatoka nyingine. Mwaka 1951 Francis akaenda kwenye mbio za farasi, na hapo kuna utani ambao nje ya Kiingereza haueleweki mpaka uelezwe: Waingereza husema habari ya uhakika imetoka kinywani mwa farasi mwenyewe, na filamu ikaufanya msemo kuwa tukio. Francis anaongea na farasi wa mashindano na kumletea Peter majina ya watakaoshinda. Mwaka 1952 ikawa West Point, chuo cha maafisa ambacho nyumbu amekuwa alama yake tangu 1899, kwa hiyo Francis pale ni kama amerudi nyumbani. Kwangu mimi hii ndiyo ya pili kwa ubora. Zikafuata ya gazeti mwaka 1953, ya kikosi cha wanawake 1954, na ya jeshi la majini 1955, ambamo kijana mmoja mrefu aitwaye Clint Eastwood ana nafasi ndogo ya baharia.

Kanuni ilizidi kulegea njiani. Francis anasema mbele ya wengi, wengi wanazoea, na filamu inayofuata inaanza kana kwamba hawakusikia. Peter haendi tena wodini kwa uzito uleule. Anabaki kijana mwenye bahati mbaya na rafiki mwenye akili, na huyo tumemwona katika filamu nyingi.

O'Connor alichoka. Nyumbu aliendelea kupata sifa: mwaka 1951 ndiye aliyetwaa tuzo ya kwanza ya PATSY, ambayo shirika la kutetea wanyama la American Humane Association lilianza kuwapa wanyama wa filamu. O'Connor aliugua akaikosa filamu ya White Christmas ya 1954, nafasi ikaenda kwa Danny Kaye, na ugonjwa huo watu wengi wa filamu husema aliambukizwa na nyumbu. Alipoulizwa kwa nini ameacha, alisema kwa maana hii: ukishafanya filamu sita na nyumbu bado anapata barua nyingi kuliko wewe, kuna jambo haliendi sawa. Nimeyaona maneno hayo yakichekewa. Mimi naona mtu aliyetoa macho yake yote ili mnyama aaminike, na akafaulu mno. Lubin naye akaondoka, Wills akaondoka. Ya saba, ya mwaka 1956, ilimchukua Mickey Rooney mbele ya kamera na Paul Frees aliyeiga sauti ya Wills. Inatazamika mara moja. Usianze nayo.

Anayetaka kuzitazama leo aanze na ya kwanza, kisha ya West Point, kisha aruke hadi ya 1954. Filamu hiyo ina makosa yote ya kuchelewa: Peter ameitwa tena jeshini na karatasi zimekosewa, akajikuta amepangwa kikosi cha wanawake, na utani mwingi umezeeka vibaya. Ila ndani yake kuna jambo moja ambalo nililisubiri bila kujua kwamba nalisubiri. Chill Wills anaonekana. Baada ya miaka minne ya kusikika tu, mwenye sauti anaingia kwa miguu yake, amevaa sare, na cheo alichopewa ni cha jenerali. Jenerali Kaye anafungua kinywa kutoa amri, na inatoka sauti ileile tuliyoizoea chini ya masikio marefu, iliyokuwa ikiwasema majenerali tangu Burma. Koo moja linaamrisha kutoka juu kabisa na kunung'unika kutoka chini kabisa, katika filamu moja, na wahusika wengine hawaonyeshi kwamba wamelitambua. Ukiwa sebuleni kwako utajikuta unataka kuwaambia.